Maji ya Evodi

Bonde la Kasangwa, Mwese
9 Februari 1953

Kaka Damiano,

Tumsifu Yesu Kristo. Watu huanza barua kwa kusema wao ni wazima, hofu ni kwa mwenzao aliye mbali. Mimi leo siwezi kuandika hivyo. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa hiyo utanisamehe nikiruka salamu.

Mtoto amefariki. Yule niliyekuandikia kwamba nitamzaa Januari, nilimzaa salama, wa kiume, akalia vizuri, akanyonya vizuri, ana kisogo kipana kama cha baba yetu marehemu. Tulimwita Evodi. Hakumaliza hata mwezi. Degedege lilimkamata alfajiri, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelala na homa ya uzazi, siwatambui watu. Mume wangu Telesphor alikuwa ameshakwenda mgodini Mpanda, hata sura ya mtoto hakuiona. Aliyekuwa nyumbani ni mama mkwe peke yake.

Sasa nisikilize hapa, kaka, maana hapa ndipo ninapokuhitaji. Mama mkwe alikumbuka yale mnayowafundisha watu nyie makatekista, kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa mtu yeyote anaweza kumbatiza. Akaenda kuchota maji safi. Lakini hakuyamimina. Aliyatia mdomoni akampulizia mtoto kichwani, kama wazee wa huku wanavyombariki mtoto. Nilipopata nafuu nikamwuliza kwa nini, naye akanishangaa mimi. "We mwanangu," aliniambia, "mkono si wa kuoshea vyungu? Baraka inatoka mdomoni." Maneno aliyasema yote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ila aliyasema baada ya kupuliza, kwa sababu mdomo ukijaa maji huwezi kusema kitu. Alimtaja jina, Evodi. Mtoto akapiga chafya, akatulia, na jua lilipotoka alikuwa hayupo tena.

Ningekuwa na akili zangu siku ile ningemimina mwenyewe. Nilikuwa hatua chache kutoka pale, nimelala kwenye mkeka wangu.

Majirani wamemzika nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoelekea mtoni. Nakuomba neno moja tu: mwanangu yuko wapi? Usiniletee kurasa nyingi. Andika kwamba yuko mbinguni, itanitosha. Barua hii anakuletea Hamis, yule mnunuzi wa asali na nta, na yeye ndiye atakayenirudishia jibu.

Mdogo wako,
Paskalia


Misheni, ukingoni mwa ziwa
2 Machi 1953

Mdogo wangu Paskalia,

Milele, amina. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Mama alikuwa anapara samaki. Nilipomwambia aliweka kisu chini, akalia hadi majirani wakaja. Pole sana, mdogo wangu. Pole sana.

Swali lako nimekaa nalo kwa siku nyingi. Mkono ulitaka kuandika lile neno unalolitaka, nikauzuia. Mimi ni katekista. Kila Jumapili nasimama mbele ya watu nawaambia kwamba maji lazima yatiririke juu ya ngozi, na maneno yasemwe wakati maji yanatiririka, si kabla wala si baada. Nikikuambia wewe jingine kwa sababu tumenyonya ziwa moja, basi wale wote nawadanganya. Bibi yule alifanya kwa moyo mwema, na Mungu atamlipa wema wake. Lakini hakubatiza.

Kwa hiyo siwezi kukuandikia kwamba mtoto yuko mbinguni anamwona Mungu. Usishtuke, hayuko motoni. Tunafundishwa kwamba watoto wa namna hiyo wapo mahali pa pumziko. Hawaumwi, hawalii, hawana njaa. Hawamwoni Mungu tu, na kwa kuwa hawajui wanachokikosa hawasikitiki. Mtu anaweza hata kusema wana raha kutushinda sisi.

Wengine huwa nawapa maneno ya kuwatuliza, na sioni kuwa ni kosa. Wewe siwezi. Wewe nilikufundisha herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko mpaka mama akatuchapa wote wawili, nikajua siku ile kwamba una kichwa cha kubeba mambo mazito. Beba na hili.

Nitakuja kuwaona nikimaliza mafundisho ya Kipaimara. Tairi la nyuma la baiskeli limekwisha kabisa. Nakutumia dagaa na chumvi kidogo kwa mkono wa Hamis.

Kaka yako,
Damiano


Bonde la Kasangwa, Mwese
20 Septemba 1953

Kaka Damiano,

Dagaa walifika. Wewe hukufika. Kipaimara kimepita, Pasaka imepita, nadhani hilo tairi nalo limeshafunga ndoa na kuhama.

Miezi hii yote sikukujibu. Nilikuwa nachukua barua yako jioni nasoma pale ulipoandika "mahali pa pumziko", najiuliza huko ni nani anayembeba. Uliandika kwamba hawalii. Ulidhani utanifurahisha. Kaka, mtoto wa wiki tatu akiwa halii, mama yake anajua kuna jambo baya.

Telesphor amerudi kutoka mgodini, na hakurudi peke yake. Amekuja na mwenzake aliyekuwa anachimba naye madini ya risasi, anaitwa Leodgar, mtu mpole, mrefu, anakohoa vumbi la mgodi. Yeye na wenziwe wanajiita Watu wa Asubuhi. Sasa robo tatu ya bonde hili ni Watu wa Asubuhi, na Telesphor ni wa kwanza wao.

Leodgar anafundisha kwamba Ufalme wa Mungu haukai juu ukitungoja. Unashuka. Kristo atatawala hapa hapa duniani miaka elfu, juu ya vilima hivi hivi vya Mwese, ila bila nzi wa ndorobo, bila malale, bila kodi ya kichwa. Na wafu watatoka pale pale walipolazwa. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwuliza, wanawake wenzangu wananivuta kanga nikae chini: mtoto mchanga akifufuka anakuwa na umri gani? Hakunicheka. Alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Mama, anaamka kama alivyolala. Lazima uwepo, maana ataamka na njaa. Miaka elfu ndiyo ya kumlea."

Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Tangu Januari watu wote wananiambia nisahau, nipumzike, nizae mwingine. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba bado nina kazi ya kufanya kwa mwanangu.

Mbeleko yake nimeifua na kuianika. Ikikaa sana ndani inashika moshi, naifua tena.

Jambo moja dogo. Katika barua yako yote uliandika "mtoto", "mtoto". Ana jina. Na mimi huku wananiita kwa jina lake.

Mama Evodi


Misheni, ukingoni mwa ziwa
11 Oktoba 1953

Mdogo wangu Paskalia,

Nimeisoma barua yako nikashika kichwa. Huyo Leodgar anaweza kuwa mpole kama njiwa, lakini anawalisha nyie upepo.

Nisikilize kama zamani, polepole. Yale ya miaka elfu Yohane aliyaona katika maono. Katika maono hayo hayo kuna mnyama mwenye vichwa saba, wala sijasikia mtu wa Mwese amechukua mkuki kwenda kumwinda porini. Kwa nini basi mnyama awe mfano, halafu miaka ihesabiwe kama magunia ya mahindi? Elfu pale ni namna ya kusema muda ambao binadamu hawezi kuumaliza kwa vidole. Muda huo ulishaanza. Kristo anatawala tangu alipopaa, na Ufalme wake ndio Kanisa. Shetani amefungwa, hawezi tena kuwazuia mataifa wasiingie. Wewe umo ndani tangu ulipobatizwa ukiwa mgongoni kwa mama. Unangoja kwenye baridi nje ya nyumba ambayo tayari unalala ndani yake. Na kuhusu siku ya mwisho, ambayo nasikia ameshaitaja, Bwana mwenyewe alisema haijulikani, sasa mchimba risasi kaijulia wapi?

Hayo ni ya dini. Sasa ya dunia, na haya hayana mfano ndani yake. Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali wa wilaya, ametangaza kwamba watu wote wa mabonde ya huko wahamishwe kwenda kambi mpya kando ya barabara, kwa sababu huo ugonjwa wa usingizi, malale, umeenea na pori litafungwa. Kutakuwa na daktari na visima. Nasikia Watu wa Asubuhi wanakataa kuhama na wanakataa kulima. Mvua ziko karibu. Panda, Paskalia. Halafu hama. Mwambie Telesphor nimesema mimi shemeji yake, na akitaka kunikasirikia anikasirikie akiwa ameshiba.

Najua kinachokushika hapo ni kaburi. Lakini kaburini hakuna mtu, ni udongo tu. Mama anakusalimu, kifua kinamsumbua kidogo.

Kaka yako,
Damiano


Bonde la Kasangwa, Mwese
1 Desemba 1953

Kaka Damiano,

Barua yako niliwasomea Telesphor na Leodgar kwa sauti, sikuruka neno. Leodgar alisema una akili nzuri na angependa mkae siku moja mzungumze. Telesphor alitoka nje.

Nami nijibu kidogo, maana umenilea kwa ubishi. Unasema Ufalme umeshafika, ndio Kanisa. Haya. Mbona mwanangu yuko nje ya ua? Unasema Shetani amefungwa. Basi ni nani aliyepita nyumbani kwangu Januari?

Unasema kaburini hakuna mtu. Mbinguni ulisema hayupo. Motoni hayupo. Umemwondoa kila mahali, kaka, umeniachia udongo, halafu unaniambia na udongo niuache.

Mimi sina ugomvi na hesabu za miaka. Iwe elfu, iwe mia, iwe asubuhi moja tu. Ninachotafuta ni mlango. Kwenu nyie mwanangu hana mlango, kwa Leodgar anao. Hata Hamis, Mwislamu, siku moja alikuwa hapa anafunga nta, nikamweleza habari yote. Aliacha kufunga. Akasema kwao mtoto mchanga haulizwi kitu, anakwenda peponi moja kwa moja na anamngojea mama yake. Kisha akaendelea na nta yake kama mtu aliyesema jambo ambalo kila mtu analijua. Nilimwonea wivu dini yake yote kwa ajili ya neno hilo.

Hatukulima. Leodgar anasema Ufalme utashuka Mei, wakati ulezi unapoiva, na kwamba ulezi wa mwaka huo utavunwa na asiyeupanda. Telesphor amewagawia majembe yetu watu wanaohama. Nikuambie siri: nimepanda mihogo michache pale kwenye mteremko, upande wa chini wa kaburi, kwa kijiti. Telesphor hajui. Usije ukanicheka ukadhani siamini. Ninaamini. Ni mikono tu ilikuwa haina kazi.

Kuhama siwezi. Aamke asinikute?

Mama Evodi


Misheni
14 Februari 1954

Paskalia mwanangu,

Mimi mama yako nasema na Marsela mke wa mwalimu anaandika. Kaka yako hayupo, amekwenda kufundisha vigangoni. Hata angekuwepo, tangu Krismasi amekasirika, anasema hana la kukuandikia tena, maneno yamemwishia. Mimi hayajaniishia. Nimemwambia Marsela aandike kila kitu, asipambe.

Kifua kimenibana, mwanangu. Nikilala chali siwezi kuvuta pumzi, nalala nimekaa kama kuku. Samaki sili tena, naona harufu. Padri ameshanipaka mafuta, na mimi sina hofu, nimeishi vya kutosha. Ila nataka nikuone.

Nasikia unakaa na kaburi hutaki kuondoka. We Paskalia, unamlilia nini mtu ambaye ameshafika? Siku ile barua yako ilipokuja nilikuwa na kisu cha samaki mkononi. Nikamwuliza Damiano, mjukuu wangu yuko wapi? Akaniwekea mkono begani, akaniambia, "Mama, Evodi yuko mbinguni. Maji ya yule bibi Mungu ameyapokea." Alisema hivyo hivyo, na machozi yanamtoka. Nililia siku ile, lakini usiku nililala, na tangu hapo nalala. Kila nikisali namwambia Evodi anishikie nafasi, bibi anakuja, asiende kucheza mbali.

Sasa na wewe uliyesoma, ambaye kaka yako amekuandikia yote hayo kwa urefu, unakaa porini na ndorobo unangoja nini? Njoo nikuone. Ukija nitakwambia namna ninavyomwona, maana namwona. Ana kisogo cha baba yenu.

Mama yako,
Juliana

Mimi Marsela naongeza: mama amechoka sana kusema haya. Tafadhali usikawie.


Bonde la Kasangwa, Mwese
8 Machi 1954

Damiano,

Kumbe lile neno lilikuwepo.

Nilikuomba neno moja. Sikuomba dagaa, sikuomba chumvi, sikuomba maono ya Yohane. Ulikuwa nalo siku ile ile, likakutoka mdomoni, ukampa mama. Kisha ukakaa ukachukua kalamu, ukaniandikia mimi mahali pa pumziko.

Kama ni kweli, kwa nini hukuniandikia? Kama ni uongo, kwa nini mama anastahili kuhurumiwa kwa uongo na mimi sistahili? Nimegeuza pande zote mbili na zote zinakata. Usinijibu kwamba ni kwa sababu nilisoma. Ningejua kwamba hiyo ndiyo bei yake, herufi zile zote ningezifuta ukutani kwa kiganja changu, moja moja, nikabaki bila kusoma, nikadanganywa na kaka yangu nikalala usingizi kama mama yangu.

Unajua nimelitafuta wapi neno hilo? Nimelitafuta kwa mchimba risasi. Nimelitafuta kwa mnunuzi wa nta. Na wewe ulikuwa nalo kwenye bega la mama mwaka mzima.

Kwa mama siwezi kuja. Mito imejaa, na Mei imekaribia. Mwambie niko njiani. Hilo utaweza kumwambia.

Paskalia


Misheni, ukingoni mwa ziwa
29 Mei 1954

Mama Evodi,

Mama amefariki, tumemzika Jumamosi. Alikuulizia mpaka mwisho, nami nilikuwa namwambia uko njiani, umelala Karema, kesho utafika. Alikufa mchana, watu wamejaa ndani. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika ni kwamba anakwenda kumpokea Evodi. Padri alikuwa amesimama pale pale, akasikia, hakumsahihisha. Nami sikumsahihisha.

Nilipoisoma barua yako ya Machi nilitaka kukujibu siku hiyo hiyo. Nimeandika, nimechana. Niliogopa kwamba ukweli ungemwua mama. Wewe nilikuona mzima wa kuubeba, na nilijivunia hilo, Mungu anajua. Sikuwahi kukaa nikafikiri wewe ungeulalia wapi.

Basi naandika sasa, na safari hii sichani. Evodi yuko mbinguni. Yule bibi alimbatiza. Evodi yuko mbinguni.

Sasa ondoka hapo. Lori la serikali litachukua watu wa mwisho mwezi wa Julai, baada ya hapo nyumba zitachomwa moto na pori litafungwa. Mei inakwisha, mdogo wangu, ulezi umeiva kwa waliopanda. Na kuna jambo jingine. Hamis ameniambia umekonda, na kwamba siku hizi unasinzia mchana, hata kijiko kikiwa mkononi. Kule kwenu kusinzia mchana si uchovu. Unajua ni nini kama ninavyojua mimi. Daktari yupo kambini, ana sindano, na anayewahi anapona. Nakupigia magoti. Sina mama tena, sina baba, sina mtu ila wewe.

Nikimaliza arobaini ya mama nitakuja kambini kwa miguu. Nitakuja kweli.

Kaka yako,
Damiano


Bonde la Kasangwa, Mwese
18 Julai 1954

Kaka Damiano,

Siku ilikuja ikapita. Leodgar alituambia kila nyumba ikasimame kwa wafu wake, tukasimama tangu alfajiri. Bonde zima, huku mtu, kule mtu, kila mmoja na kaburi lake. Nilivaa kanga safi. Nilipaka mafuta. Mbeleko niliikunja nikaishika kifuani. Jua lilitoka kama linavyotoka kila siku, likapanda, likaanza kuchoma. Watoto wakaomba maji. Watu wakaanza kutazamana, halafu wakaacha kutazamana. Mchana Leodgar alikaa chini kando ya njia, akavua viatu, akalia kwa sauti. Nataka ujue kwamba hakukimbia, maana najua utamhubiri. Hatukujua kwamba naye alizika mke na mtoto kabla ya kwenda mgodini. Sasa ametangulia kambini, anapasua kuni za daktari.

Telesphor alikwenda kwa mtu mmoja aliyempa jembe letu, akaomba aazimwe. Alirudi nalo, akakaa nalo mapajani siku nzima. Hakuna pa kulilimia. Tumeishi kwa ile mihogo yangu ya mteremkoni, ilikuwa bado michanga. Aliichimba mwenyewe, hakuniuliza niliipanda lini.

Mama nimemlilia hapa peke yangu. Alikufa anajua anakokwenda na nani anamngoja. Sijawahi kumwonea mtu wivu namna hii.

Ule mstari wako nimeusoma mpaka karatasi imelegea. "Evodi yuko mbinguni." Mwaka jana ungeniponya, kaka. Ningeufunga kwenye pindo la kanga nikatembea nao. Sasa kila nikiusoma, jicho linateremka lenyewe hadi chini yake, pale ulipoandika "Sasa ondoka hapo." Wewe ndiye uliyenifundisha nisisimame katikati ya ukurasa. Sijui kama umeniandikia kwa sababu ni kweli, au kwa sababu nasinzia mchana. Sikulaumu. Wewe na Leodgar mlinipenda wote wawili, na kila mmoja alinipa alichokuwa nacho. Nimechoka tu kuchagua.

Kusinzia ni kweli. Nimeandika barua hii kwa siku tatu, mkono unalala kabla yangu. Tunaondoka leo, na haya ya mwisho nayaandika nikiwa kwenye lori. Halikuweza kupanda kule, lilikuwa linangoja chini barabarani, na Telesphor alikuwa ameshateremka na mkeka na vyungu.

Kabla sijateremka nilichukua kibuyu nikaenda mtoni. Nikarudi kaburini, nikainama, nikamimina maji kwa mkono wangu huku nasema maneno, si kabla wala si baada. Lakini huu ni Julai, ardhi imekauka, yakanywewa yote pale pale, hayakwenda popote. Dereva alikuwa anapiga honi. Nikarudi mtoni tena. Nilikaa njiani mara mbili. Safari hii nilijaza kibuyu mpaka shingoni, nikamimina polepole, nikataja jina lake, nikasema Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na maji yakatiririka. Yalipita juu ya kaburi lote yakashuka mpaka kwenye mashimo ya mihogo.

Najua maiti habatizwi. Hilo nalo ulinifundisha. Usiniandikie kama yamehesabiwa au hayakuhesabiwa, barua ya namna hiyo sitaisoma. Ukija kambini njoo tu, tukae.

Mbeleko nimeiacha pale. Nimeiwekea jiwe isipeperuke. Akiamka kabla sijarudi, asipatwe na baridi.

Mama Evodi